Mtandao wanao, heshima hawana

Sikatai, mtandao huu wa simu unashika. Kule kwetu milimani Lushoto ukishuka bondeni mingine inakata, huu unaongea mpaka shambani kwenye kabichi. Ndiyo maana ukoo mzima tuko huko. Watu wa mjini wanachagua laini kwa ofa ya bando. Sisi tunauliza kwanza kama mama atapatikana hewani, halafu kama kuna wakala wa pesa wa karibu mwenye floti, yaani hela ya kuhudumia wateja.

Juzi kati simu ya mama ikaibiwa gulioni. Nikamsindikiza hadi duka lao kurudisha laini, na humo ndimo ilimo hela ya mbegu. Kitambulisho cha taifa, cha NIDA, anacho. Akaambiwa weka kidole, mashine ikakataa. Kingine, ikakataa. Vidole vya mama vimeshika jembe tangu usichana, alama zimelika. Yule dada wa kaunta, binti wa kumzaa kabisa, shikamoo hakutoa, akapaza sauti duka zima lisikie: "Bibi, kanawe mikono kwanza, unachafua mashine." Mama akaenda kunawa! Akarudi anajifuta kwa kanga, akaweka tena, ikagoma. Dada akaita, "Anayefuata!"

Nilichemka. Laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa Januari 2020. Nchi imejaa wakulima, wavuvi na wagonga kokoto, na bado kampuni inayochuma kwao kila siku haijamfundisha mhudumu la kufanya kidole kikigoma? Nikadai msimamizi. Akaja, akamwamkia mama, akafuta kioo cha mashine kwa kitambaa, akambonyeza taratibu gumba la kushoto. Ikakubali! Kumbe uchafu ulikuwa kwenye kioo chao.

Nilitaka niwaambie wakimbieni. Lakini nitawaambiaje hivyo wenye wazazi mabondeni? Haya, chukueni laini yao, mtapatana na wazazi. Ila kila nikimkumbuka mama anavyoelekea bombani mbele za watu, naona hawastahili hata shilingi moja. Tangu 2017 unahama na namba yako ile ile, na pesa siku hizi unatuma mtandao wowote. Yangu nimeshaihamisha. Ya mama imebaki kwao kwa sababu ya mnara tu, siku mwingine akijenga mnara unaofika lile bonde, naihamisha siku hiyo hiyo. Na yule dada mpaka leo hajamwomba mama samahani.