Gemu za kujengajenga: kabla hujalipa, uliza dunia inakaa wapi

Fundi simu alinirudishia simu akitabasamu: "Mama, nimekusafishia, sasa inakimbia kama mpya." Kweli ilikuwa mpya. Namba zilirudi, picha zikarudi, hata Minecraft, gemu ya kujenga kwa matofali, ilishuka tena bila kunidai senti. Kisichorudi ni nyumba ya bibi wa Tanga, aliyoijenga mwanangu humo ndani ya gemu tofali kwa tofali kwa miezi saba, na mwembe uani na ngazi za kushukia baharini.

Kwa hiyo hapa sisemi lolote kuhusu ubora wa picha wala umri wa mtoto. Nauliza moja tu: kilichojengwa, yaani ile "dunia" ya mchezaji, kinahifadhiwa wapi?

Baba yake huwa anauliza, "Sasa hapo unashinda vipi?" Hushindi. Minecraft ina joka la kuua huko mbele, ila mwanangu hajawahi hata kulitafuta. Anaamka na wazo la daraja, anachimba mawe, daraja halifiki ng'ambo (ni yeye aliyehesabu vibaya), anaanza upya. Mpira ukiisha unabaki na matokeo. Huku unabaki na jengo, basi. Likipotea jengo, ulilipia nini?

Ya kwanza: Minecraft ya kompyuta, toleo la Java. Napendelea na sifichi. Wasweden wa Mojang waliitoa rasmi 2011, Microsoft ikainunua kampuni 2014 kwa dola bilioni 2.5, na bado dunia zako zinakaa kwenye folda ya kawaida iitwayo "saves". Unainakili kwenye flashi, umemaliza. Tangu 2022, ukinunua ya kompyuta unapewa matoleo mawili kwa pamoja, Java na Bedrock, kwa karibu dola 30. Angalia hapo: wa Java hachezi na mwenzake aliye kwenye simu, simu zinatumia Bedrock. Wauzaji hawakuambii hilo hata siku moja.

Ya pili: Terraria. Inaonekana kwa ubavu, kama karatasi iliyosimamishwa, na ina mapigano mengi kuliko ninavyopenda. Lakini ukiichezea Steam, lile duka la gemu za kompyuta la mtandaoni, pembeni ya jina la dunia kuna kiwingu kidogo. Kibonyeze, na nakala inapanda mtandaoni. Kumbuka kukibonyeza kwa mhusika pia, maana mhusika na dunia ni mafaili mawili tofauti. Bei kamili ni kama dola 10, na hushushwa mara kwa mara. Subiri.

Ya tatu: Minecraft ya simu. Ni dola 7 hivi, na ndiyo iliyonitoa machozi. Ukiifuta programu, au fundi akirudisha simu kiwandani, dunia zinaondoka nayo. Akaunti inakumbuka kwamba ulinunua. Haikumbuki ulichojenga. Dawa ipo: ingia kwenye mipangilio ya dunia husika, shuka chini, utaona kitufe cha kuitoa kama faili. Jitumie hilo faili kwa barua pepe kila Jumapili. Au ulipie kila mwezi seva yao ya Realms, inayokaa na dunia yako mtandaoni, ambayo mimi sitailipia, nina king'amuzi tayari.

Ya bure: Luanti, zamani ikiitwa Minetest. Inakwenda hata kwenye laptopu iliyochoka. Inatosha.

Ila niseme la Luanti kidogo. Duka moja la kompyuta liliniuzia hiyo hiyo kwa shilingi 15,000 kama "Minecraft ya ofa". Gemu ya bure! Nilipolalamika nikaambiwa nimelipia "huduma ya kuweka". Mwingine, wa mtandaoni, aliniuzia akaunti ya Minecraft kwa nusu bei. Wiki ya tatu nenosiri likakataa, na namba yake ya WhatsApp ikabaki tiki moja. Anayeuza akaunti badala ya gemu anaweza kuirudisha mkononi mwake siku yoyote, na huna risiti ya kumwonyesha mtu. Lipa mwenyewe kwa kadi, hata iwe ile ya muda ya kwenye simu, ingawa dola utahesabiwa kwa bei inayouma. Hilo sina dawa yake.

Flashi yetu sasa inaning'inia kwenye msumari jikoni, na nyumba ya bibi imeanza upya. Safari hii ina ghorofa, na bibi mwenyewe kauliza atapandaje na magoti yake.