Dunwich: kasha la kampeni au la wachunguzi?

Tuko wanne, na kila Jumamosi jioni tunacheza Arkham Horror: The Card Game, mchezo wa kadi ambamo wachezaji ni wachunguzi wanaoshirikiana kupambana na vitisho, hapa Milimani, Kisumu. Visa vitatu vya kasha la msingi tunavijua kama njia ya kwenda soko la Kibuye. Tumechanga tununue nyongeza yake, The Dunwich Legacy, inayouzwa kwa makasha mawili, la kampeni na la wachunguzi; pesa zinatosha moja tu.

La kampeni lina visa vinane vinavyofuatana, na mkiboronga mapema mnalipia baadaye. Kimoja kiko ndani ya treni, mabehewa yanamezwa nyuma yenu moja baada ya jingine. Nilikicheza kwa binamu yangu Nakuru; chai yangu ilipoa hadi ikafanya utando.

La wachunguzi? Wahusika watano wapya na kadi za kila mchezaji kujengea fungu lake, kisa hata kimoja hakuna. Linamfaa yule jamaa wetu anayepangua kadi zake wenzake wakila omena.

Mimi nasema kampeni kwanza. Kasoro ninayoiona ni kwamba pointi za uzoefu tunazopata katika visa zitaongezeka huku kadi za maana za kununua kwa pointi hizo zikiwa chache. Tutavumilia hadi mchango ujao. Kwanza tutafute mifuko ya plastiki ya kukinga kadi. Unyevu wa ziwa hili umeshakunja nusu ya zile tulizonazo.