Amazing Grace (2006): mjadala umeiva, watumwa wako wapi?

Nimeitazama mara mbili, ya pili nikiwa na daftari. Filamu hii ya Michael Apted inamfuata mbunge William Wilberforce bungeni Uingereza hadi sheria ya 1807 ya kupiga marufuku biashara ya watumwa, iliyopita kwa kura 283 dhidi ya 16.

Tukio lililonikaa: waheshimiwa wako kwenye mashua ya starehe, muziki unapigwa, mara wanajikuta kando ya meli ya watumwa. Leso zinapanda puani. Wilberforce anawataka waziondoe, wavute ile harufu. Mama mmoja mbele yangu alikohoa kana kwamba imemfikia!

Kinachonikera ni Olaudah Equiano, Mwafrika aliyewahi kuwa mtumwa. Mtu aliyeandika maisha yake mwenyewe mwaka 1789, akachezwa na Youssou N'Dour (chaguo zuri sana), halafu anapewa dakika za kuhesabu. Wazungu wanabishana kuhusu Waafrika, Waafrika wenyewe kimya. Tena sheria ile ilipiga marufuku biashara tu. Utumwa makoloni ulingoja sheria ya 1833, na fidia ya pauni milioni 20 wakalipwa wenye watumwa. Mtazamaji asiyejua atatoka akidhani yaliisha.

Nyota tatu kati ya tano. Moja ni ya Albert Finney peke yake, anayemcheza John Newton, nahodha wa zamani wa meli za watumwa.