Kozi ya uandishi kwa watu wazima: lipia barua ya mhariri, video ziache

Nianze na hukumu kwa wasio na muda: nyota nne kati ya tano. Nyota iliyokatwa ni ya video. Wangeziondoa zote, ada nayo ikashuka kidogo, ningetoa tano bila kusita.

Kozi yenyewe ni ya mtandaoni, ya wiki nane, na tangazo lake linawalenga watu wa makamo ambao wametaka kuandika hadithi tangu zamani wakazidiwa na maisha. Kundi halizidi watu 12. Kila wiki kuna video, zoezi, na kikao kimoja cha pamoja na mkufunzi. Mwishoni kila mshiriki hutuma mswada wa hadithi fupi usiozidi maneno 4,000. Mswada huo husomwa na mhariri asiyemfahamu, kisha hurudishwa ukiwa na alama pembeni na barua juu yake. Kozi siitaji kwa jina. Zenye muundo huu zimejaa siku hizi, na nitakayosema yanazihusu karibu zote.

Mimi ni mkaguzi wa hesabu, nina miaka 48. Tangu nimalize chuo nimekuwa nikiandika ripoti ambazo hakuna anayezisoma kwa hiari yake. Kazini nikitia neno, mjadala umekwisha. Vijana wa ofisini huniletea kazi zao nizipitie kabla bosi hajaziona. Halafu usiku nafungua faili la hadithi na siwezi hata kumtoa mtu mlangoni nikamfikisha kwenye kiti bila kujikwaa. Wenye kutangaza kozi hizi hudhani kinachomtia mtu wa makamo shaka ni umri, kwamba anajiona treni imemwacha. Kwangu umri ulikuwa jambo dogo. Kubwa ni kwamba mtu aliyekwisha kuwa hodari katika kazi moja ana jicho kali. Anajua kazi iliyonyooka ikoje, kwa hiyo anauona ubovu wa ukurasa wake kabla hajafika katikati, wakati kijana wa miaka 20 angeendelea kuandika kwa raha zake. Ongeza na watu wa nyumbani. "Mama yuko wapi?" "Anaandika." "Anaandika nini?" Kimya. Hakuna anayecheka, na afadhali wangecheka.

Sasa video. Ya kwanza inahusu kunyamazisha hofu. Mtu mwenye sauti laini anakuambia usimame mbele ya kioo, ujitazame usoni, useme "mimi ni mwandishi" mara kadhaa. Nilisema. Kioo hakikubisha, wala hakikukubali.

Ya pili ni orodha ya waandishi waliochelewa kuanza wakafanikiwa, orodha ambayo bila shaka umewahi kuiona mahali. Penelope Fitzgerald wa Uingereza alitoa kitabu chake cha kwanza mwaka 1975 akiwa na miaka 58, na mwaka 1979 akapata tuzo ya Booker. Raymond Chandler alichapisha hadithi yake ya kwanza ya upelelezi mwaka 1933 akiwa na miaka 45, baada ya kupoteza kazi ya ukubwa katika kampuni ya mafuta. Kweli tupu. Lakini mkaguzi yeyote atauliza sampuli hii imechaguliwaje. Waliochelewa wakaandika wakashindwa hawamo, na usiku wa manane, ukurasa ukiwa umekugomea, hao ndio unaojihesabu pamoja nao.

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba video iliishia pale ambapo habari ya Chandler inaanza kuwa na faida. Mtu mzima yule, baada ya kufukuzwa kazi, alichukua hadithi ya Erle Stanley Gardner, mwandishi mwenzake wa upelelezi, akaifanyia muhtasari wa kina, kisha akaiandika upya kwa maneno yake mwenyewe na kulinganisha na ya Gardner ili aone wapi amepwaya. Baada ya hapo alitumia miezi mitano kuandika hadithi yake ya kwanza. Black Mask, jarida la hadithi za upelelezi, likamlipa dola 180, senti moja kwa neno. Hayo ningependa kuyasikia wiki ya kwanza, tena bila muziki wa kinanda nyuma yake: meneja wa zamani amekaa chini kama mwanafunzi, anafuatiliza kazi ya mwenzake.

Ajabu ni kwamba zoezi la wiki ya tatu lilikuwa hilohilo, na mkufunzi alilitoa bila hata kumtaja Chandler. Chagua hadithi fupi unayoipenda. Andika muhtasari wake, tukio kwa tukio. Iweke kando siku mbili tatu, kisha uiandike kutoka kwenye muhtasari, halafu weka zote mbili mezani. Hili peke yake lina thamani ya nusu ya ada. Niliona kwa macho yangu kwamba pale mwenye hadithi alipotumia mistari miwili, mimi nilijaza aya nzima, na kila mhusika wangu alikuwa akitangaza anavyojisikia kana kwamba ameitwa kutoa ushahidi. Kwenye ukaguzi, jambo ambalo halikuandikwa halikufanyika. Nilikuwa nimeubeba mkono huo hadi kwenye hadithi.

Zoezi la kuandika dakika kumi bila kuinua kalamu wala kufuta nalo lipo, kama kwenye kozi zote. Linafaa kuamsha mkono. Wengine kwenye kundi walilipenda mno. Mimi nilitoa kurasa nyingi za malalamiko kuhusu mgongo wangu.

Video ya nne inazungumzia wale wanaojiona walaghai hata wanapofanikiwa, na inauita ugonjwa. Sivyo. Wanasaikolojia wawili wa Marekani, Pauline Clance na Suzanne Imes, ndio walioieleza hali hiyo mwaka 1978, baada ya kufanya kazi na wanawake zaidi ya 150 waliofanikiwa katika masomo na kazi zao, na wala hawakuiita ugonjwa. Walichokiona ni kwamba shahada, tuzo na sifa za wenzao hazikuwaondolea wanawake hao hisia ya kwamba wamewadanganya watu na siku moja watagundulika. Ukifika hapo, akili inakuuliza swali la kawaida kabisa: kama shahada na tuzo hazikuwatosha wale, kioo cha chumbani kitanitosha vipi mimi? Kozi haikulijibu. Ilitupa cheti chenye maua pembezoni.

Kundi nitalipitia haraka. Watu wazuri, na wengi tunasalimiana mpaka leo. Mkufunzi ni kijana mpole aliyeniita "mama" na kumwita mstaafu mmoja "mzee wangu", na nadhani hapo ndipo ilipoharibika, maana hakuna aliyethubutu kumkosoa mwenzake. Ukituma kazi unapata "hongera sana dada, umenigusa", "Mungu akuzidishie kipaji", mioyo mitatu, na mikono inayopiga makofi. Mstaafu yule, shikamoo yake haikuwa haba, alisoma kipande ambacho hakuna aliyekielewa nani kamuoa nani, na sote tukampongeza. Nilifunga kompyuta nikiwa na shaka maradufu, kwa sababu kama yeye kasifiwa hivyo, sifa nilizopewa mimi zilikuwa na uzito gani?

Kisha ikaja barua.

Ilikuja ikiwa imechelewa siku kumi, na hilo ni doa; tarehe walipanga wenyewe. Lakini ni kurasa sita, na mhariri alikuwa ameusoma mswada wangu kama mimi ninavyosoma vitabu vya hesabu, mstari kwa mstari. Hakuanza na sifa. Alianza kwa kuieleza hadithi yangu kwa maneno yake: mtoto wa miaka tisa anamkuta jirani yao, fundi redio, amekufa kwenye kiti chake. Kisha akasema wapi aliamini, wapi hakuamini, na wapi alitaka kuinuka akafanye shughuli nyingine. Kwenye ukurasa wa pili nilikuwa nimeandika hivi, na nainakili kama ilivyo:

"Ilibainika kuwa fundi huyo alikuwa amefariki dunia akiwa kwenye kiti chake wakati wa shughuli zake za kawaida."

Pembeni ameandika: "Nani aliyebaini? Alikuwa amesimama wapi? Hapa nimeacha kumwona mtoto, naona ofisi."

Chini yake kulikuwa na aya niliyojivunia. Alifungua kasha. Alitoa bisibisi. Alikaa. Aliwasha redio. Alitikisa kichwa. Mhariri alirekebisha mstari mmoja tu, "Alifungua kasha, akatoa bisibisi, akaketi", na kuongeza: "Umeifunga kila kauli kwa -li- kama mtu anayepiga muhuri. Msimulizi akishaanza, -ka- ndiyo inayomsukuma msomaji mbele. Zilizobaki zitafute mwenyewe." Nilizitafuta. Zilikuwa kila ukurasa. Mtu ninayezungumza Kiswahili tangu nizaliwe, na ninayesimulia mikasa ya kazini vizuri tu nikiwa na wenzangu, nilikuwa nikishika kalamu nageuka muhtasari wa kikao.

Katika aya hiyohiyo kulikuwa na sentensi niliyotaka kuifuta, nikiiona ya kitoto: redio ilikuwa imefunguliwa mgongo, inakoroma bila stesheni. Aliipigia mstari mara mbili. "Hii nimeiamini. Ifanye hadithi nzima ifanane na hii."

Ndipo nikafanya jambo ninalolijua. Nilifungua jedwali: namba ya hoja, ukurasa, maelezo, hatua ya kuchukua, hali. Kwenye ukaguzi hoja ikijibiwa vizuri inafungwa, na isipojibiwa inabaki wazi hadi mwaka unaofuata, tena ikiwa na wino mzito. Niliingiza kila alama ya mhariri humo. Kwa muda mrefu nilikuwa nikijiambia "sijui kuandika", na hiyo si hoja. Haina ukurasa, haina kielelezo, huwezi kuijibu. Ningeileta kazini ningerudishiwa. Sasa nilikuwa na mambo ya kushika: ukurasa wa pili, nani amesimama wapi, ukurasa wa tano, mama yake mtoto anaingia bila mlango, ukurasa wa saba, maneno mazito ya msiba yaliyokopwa kwenye tangazo la redioni. Aya ile ya kifo sasa inasomeka:

"Nilimwita, kisha nikamwita tena. Redio ilikuwa imefunguliwa mgongo, inakoroma bila stesheni. Nikazunguka meza, nikamgusa mkono. Bisibisi ilikuwa bado katikati ya vidole."

Sijasema ni nzuri. Nasema najua kwa nini kila sentensi iko hapo, na mtu akiniuliza nitamjibu. Shaka haijaondoka; nikianza ukurasa mpya inakuja na kiti chake. Tofauti ni kwamba sasa naiuliza inamaanisha mstari upi, na mara nyingi inao.

Ila barua nayo ina pengo, na ni kubwa. Kuhusu mwisho wa hadithi, mhariri aliandika maneno mawili: "Mwisho haujafika." Basi. Haujafika wapi? Nilituma barua pepe kuuliza, nikajibiwa na ofisi kwamba ufafanuzi haumo kwenye ada na usomaji wa pili hautolewi ndani ya kozi. Huo ni upuuzi. Mtu amekupa kazi ya miaka mingi ya kusitasita, umemwonyesha kasoro zake vizuri, kisha unafunga mlango kabla hujaona kama amezirekebisha. Hakuna ukaguzi unaokwenda hivyo. Ufuatiliaji ndio nusu ya kazi. Wangechukua fedha walizotumia kwa yule mwenye sauti laini wakamlipa mhariri asome mara mbili.

Kwa hiyo, kama unaiangalia kozi ya aina hii, kabla ya kulipa waulize nani atakayesoma mswada wako, na kama ni mkufunzi yuleyule anayekuita mama. Uliza anaandika kurasa ngapi, na kama anaweka alama ndani ya mswada au anatuma barua ya jumla tu. Ya jumla haina maana. Uliza kama kuna usomaji wa pili. Wakianza kukueleza juu ya jumuiya na hamasa, ujue jibu ni hapana. Kama tayari una mtu anayeweza kukusoma kwa ukali bila kukuonea haya, na si ndugu yako, kozi huihitaji. Fanya zoezi la muhtasari mwenyewe na umpe mtu huyo kurasa zako. Na kama hujaandika hata hadithi moja hadi mwisho, subiri kwanza. Mhariri hawezi kuweka alama kwenye wazo.

Mimi nimemlipa mhariri yuleyule kando, nje ya kozi, asome toleo la pili. Jedwali lina hoja nne zilizo wazi, na ya kwanza ni ule mwisho.