Namba 115 kwenye miteremko ya Rungwe: tathmini ya usafiri wa dharura wa M-mama

Kwa familia zinazoishi kwenye miteremko ya Mlima Rungwe, swali gumu pale mjamzito anapozidiwa usiku halikuwa apelekwe wapi, kwa kuwa Hospitali ya Wilaya iliyopo Makandana, Tukuyu, inajulikana na kila mtu. Swali lilikuwa nani atatoa gari na nani atalilipia. Mwenye gari alitaja bei akijua kwamba aliyemgongea mlango hana pa kwenda kwingine, ndugu wakaanza kupigiana simu kuchangishana, na saa zikayoyoma huku mgonjwa akivuja damu. Huduma ya M-mama iliwekwa ili kuondoa kikwazo hicho, na kwa maoni yangu hapo ndipo ilipofanikiwa kuliko mahali pengine popote.

Mpango huu ulijaribiwa kwanza Sengerema na Shinyanga, kisha Rais Samia Suluhu Hassan akauzindua kitaifa Aprili 2022, Serikali ikishirikiana na Vodafone Foundation pamoja na wadau wengine. Anayehitaji msaada hupiga 115 bila malipo, usiku au mchana. Simu hupokelewa na mhudumu wa afya katika kituo cha uratibu, ambaye huuliza maswali yaliyopangwa ili kujua kama hali ni ya dharura na mgonjwa anafaa kupelekwa kituo gani, kisha hutafuta gari la wagonjwa lililo karibu. Likikosekana, humwita dereva wa jamii, yaani mkazi wa eneo hilo mwenye gari lake ambaye amesajiliwa na kupewa mafunzo. Wanaohudumiwa ni wajawazito, wanawake waliojifungua ndani ya siku 42, na watoto wachanga hadi siku 28.

Kiini cha huduma yenyewe ni malipo. Dereva hulipwa kwa simu baada ya kumfikisha mgonjwa na kumkabidhi kituoni, kwa kiwango kilichopangwa kabla, hivyo hana sababu ya kupatana bei na watu waliochanganyikiwa, na familia haitoi nauli. Mtu wa mjini anaweza kuliona hili kuwa jambo dogo. Huku kwetu, ambako fedha huja kwa msimu wa viazi au siku ya kuuza ndizi, ndilo lililokuwa likiamua nani afike hospitali na nani afie njiani.

Nililishuhudia wifi yangu alipoanza kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua katika zahanati ya kata moja ya juu. Muuguzi alitoka hadi pembe ya baraza ambako mtandao hushika, akapiga 115, akajibu maswali kwa sauti ya juu ili mvua isimzidi: damu imelowesha vitambaa vingapi, mapigo ya moyo yakoje, anajibu akiitwa? Dereva aliyekuja alikuwa na Noah iliyolazwa viti vya nyuma na kutandikwa godoro, na miguuni mwa kiti cha mbele kulikuwa na jembe na koleo la kukwamulia gari. Mama mkwe wa wifi, huku akifungua fundo la kanga, akamuuliza, "Mwanangu, tutakulipa shilingi ngapi? Tuliyonayo ni hela ya ndizi tu." Yule kijana akamjibu, "Shikamoo mama. Hakuna nauli, fedha hiyo itunze ya uji wa mzazi. Naomba tumpandishe." Jembe lile lilitumika mara tu walipofika kwenye mteremko wa kwanza.

Na hapo ndipo mipaka ya huduma inapoanza kuonekana. Namba ya simu haitengenezi barabara, na wilaya inayonyeshewa sehemu kubwa ya mwaka ina vipande vya njia ambavyo mwezi Aprili hata gari la wagonjwa haliyawezi matope yake. Aidha, huduma hii haiingii ndani ya nyumba kuharakisha uamuzi: bado kuna kaya zinazomsubiri mume arudi safarini au mkunga wa jadi amalize anachofanya, na wengi huamini kwamba 115 ni namba ya wauguzi, ilhali mtu yeyote anaweza kuipiga kutoka nyumbani. Kisha kuna upande wa mapokezi. Wifi alifika hai, lakini katika kituo alichopokelewa, ambacho sitakitaja, ndugu walianza kutafutwa wachangie damu wakati mgonjwa tayari yuko kitandani, jambo ambalo gari la haraka kiasi gani haliwezi kulirekebisha.

Kwa sababu hiyo siungani na wanaoipa M-mama sifa yote kila wanapotaja takwimu. Ni kweli kwamba vifo vya uzazi nchini vilikadiriwa kuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa kitaifa wa 2015-16, na 104 katika ule wa 2022. Hata hivyo, utafiti huo wa pili ulifanyika mwaka uleule mpango ulipozinduliwa kitaifa, kwa hiyo sehemu kubwa ya mafanikio hayo lazima itafutwe kwingine, ikiwemo katika vituo vya afya vilivyojengewa vyumba vya upasuaji.

Naipa huduma hii nyota nne kati ya tano. Nyota ya tano ninaizuia kwa sababu mbili tu, kwani mzee aliyepata kiharusi au mtoto wa miaka mitatu mwenye nimonia, ambao bado wanategemea bodaboda, hawakuwahi kuwa sehemu ya mpango wenyewe na si haki kuulaumu kwa ajili yao. Kwanza, kata za juu zinahitaji madereva wengi zaidi waliosajiliwa, na viwango vyao vizingatie hali ya njia wakati wa masika. Pili, namba iandikwe kwa kalamu nene kwenye jalada la kadi ya kliniki ya kila mjamzito tangu hudhurio la kwanza, na mume naye aoneshwe, kwa kuwa mara nyingi simu ya nyumbani iko mfukoni mwake.