Umepoteza ufunguo wa gari? Njia za kupata mwingine, kuanzia ya kuchagua hadi ya kukimbia

Mpigie fundi funguo umwambie umepoteza ufunguo wa gari, uone. Swali lake la kwanza si gari gani. Ni hili: "Umebaki na mwingine?" Jibu lako ndilo linalopanga bei. Ukisema ndiyo, kazi ni ya muda mfupi na mfuko hautaumia sana. Ukisema hapana, sauti inabadilika kidogo. Anauliza gari liko wapi, la mwaka gani, linawashwa kwa kuzungusha au kwa kubonyeza, na hesabu imeshaanza kupanda.

Mimi nilijibu hapana, nikiwa Coco Beach Jumapili jioni, bukta imelowa na mfuko wake hauna zipu. Gari ni Toyota ya mtumba kutoka Japani, nililiuziwa likiwa na ufunguo mmoja, kama wengi wetu. Breki dauni ikalivuta hadi nyumbani, na kwa siku tatu nikapokea ushauri wa kila aina. Mwingine ulikuwa wa maana, mwingine ungenimalizia gari. Mpangilio ulio hapa chini ndio ningetaka kupewa usiku ule.

Kwanza, jua unanunua nini

Ndani ya ufunguo wa kisasa kuna vitu vitatu, na kila kimoja kinaweza kufa peke yake. Kuna chuma kinachofungua mlango na kuzungusha swichi. Kuna rimoti, yenye betri yake, inayofunga na kufungua milango kwa mbali. Halafu kuna chipu, ambayo wengi hawajui kama ipo.

Chipu imefichwa kwenye plastiki ya kichwa cha ufunguo na haina betri. Ukichomeka ufunguo, koili iliyozunguka swichi inarusha mawimbi, kwenye magari mengi ya kiasi cha kilohezi 125, na mawimbi hayo hayo ndiyo yanayoipa chipu nguvu ya kujibu. Kompyuta ya gari ikilitambua jibu, injini inaruhusiwa. Isipolitambua, gari haliwaki, au linawaka na kuzima papo hapo. Huo ndio mfumo unaoitwa imobilaiza. Ndiyo maana ufunguo ulioanguka baharini unaweza kufa rimoti lakini ukaendelea kuwasha gari, na ndiyo maana ufunguo uliochongwa barabarani unafungua mlango vizuri kabisa halafu unakuacha umekaa kwenye kiti unatazama usukani.

Ulaya ililazimisha imobilaiza kwenye magari mapya kuanzia Oktoba 1998, Australia 2001, Kanada 2007. Lakini magari mengi madogo ya Japani ya mwanzoni mwa miaka ya 2000, yale yaliyojaa barabara zetu, yalitoka kiwandani bila chipu. Kwa hiyo usidanganyike na jina la gari: Vitz yako na ya jirani zinaweza kufanana kwa kila kitu, moja ina chipu na nyingine haina. Chomoa ufunguo utazame dashibodi. Taa ndogo nyekundu ikianza kupepesa, mara nyingi ni imobilaiza inajitambulisha. Kama gari lako halina, pumua: chuma kikichongwa tu umemaliza, na huna haja ya kusoma zaidi ya hapa isipokuwa kwa udadisi.

Wenye chipu tuendelee. Chuma na plastiki ni sehemu rahisi ya manunuzi haya. Kitu unachokilipia hasa ni ruhusa. Kompyuta ya gari inatunza orodha ya funguo inazozikubali, na kila njia iliyoko hapa chini ni namna tofauti ya kuingia kwenye orodha hiyo. Nimezipanga kwa usalama wa gari kwanza, bei baadaye.

Nafasi ya kwanza: kuandikisha wa pili ukiwa bado na wa kwanza

Ndiyo, najua, wewe tayari umepoteza. Lakini kama anayesoma bado ana mmoja mkononi, hii ndiyo bei nafuu atakayoipata maishani na gari hilo. Kwenye Toyota nyingi ufunguo uliopo ndio unaomtambulisha mgeni kwenye kompyuta, na kazi inaisha haraka.

Angalizo moja. Fundi anaweza kukufanyia mojawapo ya mambo mawili yanayoonekana sawa. Anaweza kunakili chipu ya zamani ndani ya chipu mpya, hivyo gari lione funguo zote mbili kama ni moja. Au anaweza kuandikisha ufunguo mpya kwa utambulisho wake wenyewe. Dai la pili. Nakala inafanya kazi vizuri mpaka siku moja iibiwe; hapo huwezi kuifuta bila kufuta na ulio nao.

Na kama una Toyota ya zamani iliyokuja na ufunguo mweusi na wa kijivu, uutunze mweusi. Wa kijivu ni wa kumpa mwosha magari au mlinzi wa maegesho: unawasha gari, lakini hauna mamlaka ya kuandikisha mwenzake.

Nafasi ya pili: fundi funguo mwenye mashine, anayekufuata

Kwa aliyepoteza zote na gari lake ni la Kijapani la kawaida, hapa ndipo pa kwenda. Gari halisogei, fundi ndiye anayesogea. Anapata umbo la chuma kwa kusoma kitasa cha mlango au kwa namba ya ufunguo (magari mengine yalikuja na kibati kidogo chenye namba, kama unacho, kifiche pazuri, kina thamani). Kisha anachomeka mashine kwenye soketi iliyo chini ya usukani. Mashine utakazokutana nazo sana ni za Autel, Xtool au Lonsdor. Kwenye baadhi ya Toyota, kufuta kumbukumbu ya zamani kunachukua dakika 16 za kusubiri, gari lenyewe ndilo limeamua hivyo, kwa hiyo usimwone fundi amekaa anachezea simu ukadhani anakuibia muda. Kwenye magari ya zamani zaidi soketi haitoshi: anafungua kontroli boksi, yaani ile kompyuta ya gari, na kusoma kumbukumbu yake moja kwa moja kwenye bodi. Kazi hiyo ni ya mkono uliotulia. Usikubali ifanyike gizani kwa tochi ya simu.

Namna ya kumpima fundi? Mimi natazama jambo moja kabla ya mengine yote: amekuomba kadi ya gari na kitambulisho? Niliyempata kwanza hakuniuliza chochote, na alikuwa na bei nzuri. Nikakata simu. Mtu anayeweza kukutengenezea ufunguo bila kujua gari ni la nani atamtengenezea na mwingine wa gari lako.

Jambo la pili ni betri ya gari. Kama limelala siku kadhaa, fundi mzuri ataunga chaja kwanza. Umeme ukishuka katikati ya kuandika, kontroli boksi inaweza kuharibika, na hapo tunazungumzia gharama za daraja jingine.

Kuhusu bei, usikubali jumla ya mdomo. Mwambie aitaje vipande vipande: ufunguo mtupu wenye chipu, kuchonga, kuandikisha, rimoti kama ipo, na usafiri. Gari la kubonyeza litazidi la kuzungusha kwa mbali, hilo halikwepeki. Ukishaviona vipande ndipo utajua pa kupunguziwa, na kwa kawaida ni kwenye usafiri na kwenye ufunguo wenyewe. Kwenye kuandikisha, kubana sana ni kumwomba aruke hatua.

Kabla hujalipa, fungua kila mlango na buti. Washa, zima, funga gari, kaa dakika kumi, washa tena. Ikiwezekana lipia mbili kwa mpigo. Fundi yupo, mashine imechomekwa, na kumbukumbu iko wazi, hivyo wa pili unagharimu sehemu tu ya wa kwanza.

Nafasi ya tatu: wakala rasmi

Ukinunua gari jipya hapa hapa, au ukiendesha Mercedes, BMW au Land Rover, isome hii kama nafasi ya kwanza. Magari hayo yana mifumo mizito, na fundi wa kubahatisha anaweza kukuzalia tatizo la pili. Wakala anaagiza kwa namba ya chasisi, na ufunguo unakuja ukiwa umeshaandaliwa kwa gari lako. Utasubiri na utalipa. Kwa mtumba wa Japani, piga simu kwanza uulize kama gari lako linahudumiwa, usilivute kwa breki dauni mpaka mlangoni kwa matumaini.

Nafasi ya nne: kuagiza ufunguo mtandaoni na kumpelekea fundi

Kwa ufunguo wa akiba ni njia nzuri, kwa dharura haifai. Mtego mkubwa ni masafa ya rimoti: magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hutumia kiasi cha megahezi 315, ya Ulaya 433. Ganda ni lile lile, vitufe ni vile vile, na rimoti haitasikilizana na gari hata uibusu. Mtego wa pili ni aina ya chipu. Kwenye funguo nyingi za Toyota utaona herufi G au H imegongwa kwenye chuma. Hizo ni chipu za vizazi tofauti na moja haishiki nafasi ya nyingine. Wa tatu ni funguo janja zilizotumika, yaani za magari ya kubonyeza: nyingi zimefungwa kwenye gari la kwanza, na zisipofunguliwa kwa mashine hazikubali gari jipya. Usinunue bila kulinganisha namba iliyoandikwa nyuma ya ule wa zamani.

Nafasi ya tano: seti ya mtumba

Gerezani hapa Dar, Kirinyaga Road kule Nairobi, utaambiwa: chukua kontroli boksi, swichi na ufunguo wake, vimetoka gari moja, vinajuana. Ni kweli, vinajuana, na gari litawaka. Lakini kontroli boksi lazima ilingane namba na ya kwako, la sivyo giaboksi inaanza vituko. Mlango utabaki na ufunguo wake na swichi wake. Na dai risiti, maana gari lililotoa seti hiyo lilikuwa na mwenyewe.

Ya kukimbia: kuiua imobilaiza

"Bosi, tunaitoa tu hiyo kitu, haina kazi." Anachofanya ni kuifundisha kompyuta isiulize tena, au kufunga chipu kwa tepu karibu na koili ili gari lione ufunguo upo siku zote. Bei inavutia. Nchini Marekani, Kia na Hyundai ziliuza magari mengi ya 2011 hadi 2021 bila imobilaiza. Video zilipoenea mtandaoni zikionyesha jinsi ya kuyawasha kwa ncha ya waya wa USB, wizi wa magari hayo ulilipuka kiasi cha kampuni hizo kulazimika kutoa programu ya marekebisho. Imobilaiza ndiyo mlinzi unayetaka kumfukuza kazi.

Uliopotea bado una ruhusa

Hapa ndipo wengi tunaachia njiani. Umepata ufunguo mpya, umefurahi, umelipa. Wa zamani, popote ulipo, bado unawasha gari, mpaka mtu aufute kwenye orodha. Mwambie fundi waziwazi: futa zote, andika hizi nilizoshika tu. Kwenye gari ulilopotezea zote mara nyingi hatua hiyo imo ndani ya kazi. Kwenye gari ambalo bado una mmoja, haifanyiki usipoomba. Na ujue kufuta chipu hakuondoi chuma: uliopotea utaendelea kufungua mlango mpaka kitasa kibadilishwe. Kama ulipotea pamoja na kitu chenye anwani yako, badilisha kitasa, na chukua RB, yaani namba ya taarifa yako, polisi.

Wenye magari ya kubonyeza wana la ziada. Mwaka 2011 watafiti wa ETH Zurich walijaribu magari kumi ya watengenezaji wanane na yote yalifunguka na kuwaka kwa kurefusha tu mawimbi kati ya gari na ufunguo uliokuwa mbali nalo. Mwizi wa namna hii hahitaji kuugusa ufunguo wako, uko mezani sebuleni unamtosha. Uweke kwenye kopo la bati la biskuti, kisha ujaribu: simama na kopo kando ya mlango wa gari. Likifunguka, tafuta kopo jingine. Na siku betri ya ufunguo ikiisha, usiite fundi. Ndani ya ganda kuna chuma kidogo cha kufungulia mlango, na kwenye Toyota nyingi ukigusisha ufunguo kwenye kitufe cha kuwashia huku umekanyaga breki, gari linaamka.

Langu lilishughulikiwa Jumatano, uani, na fundi wa pili, yule aliyeomba kadi. Alipochomeka mashine alinigeuzia kioo nisome: funguo zilizoandikishwa, tatu. Mimi tangu nilinunue nilishika mmoja. Wa kwangu uko chini ya maji ya Coco Beach. Hizo mbili huenda ziko kwenye droo ya mtu huko Japani, au ziko kwenye mfuko wa mtu aliyelishika gari kati ya meli na mimi. Tulizifuta zote, dakika 16, tukinywa chai.