Rumours ya Fleetwood Mac: isikilizeni kwa besi

Albamu hii ya 1977 ya bendi ya Fleetwood Mac ilipanda hadi nambari 7 kwenye Billboard 200, chati ya albamu ya Marekani, mwezi Oktoba 2020. Sababu inajulikana: Nathan Apodaca wa Idaho, Marekani, aliharibikiwa na gari njiani kwenda kazini, akapanda ubao wake wa magurudumu, juisi mkononi, akajirekodi akifuatisha Dreams, wimbo wa albamu hii. TikTok ikachachamaa. Mpiga dramu wa bendi mwenyewe, Mick Fleetwood, akatoa video ya kumwiga.

Wengi wanaishia hapo. Mimi hupiga besi kwenye bendi ya benga hapa Kisumu, na naamini video ile ilibisha hodi tu. Waliowakalisha vijana ndani ni Fleetwood na John McVie, mpiga besi.

Chukueni hiyo Dreams. Karibu wimbo mzima besi ina noti mbili, F na G, basi. Sisi wa benga tumezoea besi inayokimbia na kujibizana na solo, kwa hiyo tulipoijaribu mazoezini vidole vyangu viliimaliza mara moja. Kazi ilikuwa kuvumilia. Kila nilipoongeza kinoto cha kuremba, wimbo ulilegea na sauti ya mwimbaji Stevie Nicks niliyokuwa nayo kichwani ikakosa pa kusimama. McVie haongezi kitu. Anaiweka noti, anaiacha ilie, anamwachia dramu nafasi.

Halafu The Chain. Waliofuata mbio za magari za Formula 1 kwenye BBC wanaijua bila kujua jina lake. Waimbaji wananyamaza, wimbo unakuwa kama umeisha, kisha besi inaingia peke yake, nzito, na gitaa la Lindsey Buckingham linaifuata kwa kasi. Mtu wa Nyanza hahitaji kufundishwa mahali hapo. Ndipo kwenye benga sauti zinapokaa kimya, magitaa yanachukua usukani na watu wanaacha soda mezani.

Kinachonigusa zaidi ni You Make Loving Fun. Albamu ilianza kurekodiwa Sausalito, California, 1976, wakati John na Christine McVie, mwimbaji na mpiga kinanda wa bendi, ndoa yao imevunjika, na Stevie na Lindsey nao wakiachana. Christine akaandika wimbo wa kumsifu mpenzi wake mpya, na anayeushikilia kwa besi ni yule mume aliyeachwa. Sikilizeni anavyoupiga: hakuna noti hata moja ya kinyongo.

Si kila kitu kimenipendeza. I Don't Want to Know ni wimbo mwepesi, na unaniuma kwa sababu ulichukua nafasi ya Silver Springs wa Stevie, ulioondolewa kwa kuwa mrefu ukatupwa nyuma ya santuri ndogo ya Go Your Own Way. Mimi ningeuacha ndani.

Nakala yangu ni santuri kuukuu niliyotumiwa kwa basi kutoka Nairobi, shilingi 3,500. Jalada limechakaa, hilo halinisumbui. Mkwaruzo uko Songbird, mwisho wa upande wa kwanza, ambapo Christine, aliyefariki 30 Novemba 2022, anaimba na piano yake bila dramu wala besi. Kila mlio wa sindano unasikika. Ukinunua santuri iliyotumika, iinamishe kwenye mwanga na uchunguze hapo, karibu na lebo, kabla hujalipa.

Kwa bei hiyo ningeinunua tena. Asiye na mashine ya santuri aisikilize kwenye intaneti, ila si kwa kispika cha simu, maana besi yote inapotea na utabaki ukishangaa watu wanasifu nini. Chomeka kwenye wufa, anza na wimbo wa 7, The Chain, na uache sauti juu hadi baada ya dakika ya tatu.